Nimefungua injini kubadili plagi, sasa sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) haishuki. Sisi tunaojitengenezea magari wenyewe tufanyeje?

Mluguru wa Kilakala (Morogoro)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa mafundi na wazoefu. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili mtu asianze kuniuliza mambo niliyokwisha kuyafanya.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2011, petroli, cc 1,500, gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua). Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa majirani zangu wawili wana magari ya kampuni nyingine na kilio chao ni hichohicho. Limetembea kilomita 140,000 na kidogo. Mwezi uliopita lilianza kumisi (injini kurukaruka, haichomi sawasawa) asubuhi likiwa la baridi. Nikaona hizo ni plagi, kazi ambayo nimeifanya tangu nina miaka kumi na miwili.

Baba yangu alikuwa na Datsun 1200 pick-up, akibeba njegere na karoti kutoka Mgeta kuja sokoni mjini. Mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Plagi zake nne zilikuwa ubavuni mwa injini, unazifikia umesimama, spana moja, dakika kumi. Platini, vile vichuma vya kukata na kuunga umeme wa plagi, unafungua kifuniko cha distribyuta, unapima mwanya wa nusu milimita kwa kile kichuma chembamba, unafunga. Halafu baba alilegeza bolti ya distribyuta, akaizungusha kwa mkono taratibu huku ameinamisha kichwa, hadi injini itulie. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na sikio.

Sasa Jumamosi nikafungua boneti ya gari langu, nikatoa kava la juu. Plagi sizioni. Kumbe ziko chini ya inteki manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini), yaani huwezi kuzigusa mpaka ung'oe boksi la hewa, ung'oe throto (mlango wa hewa ya injini), kisha manifoldi yenyewe, ambayo ni ya plastiki. Kuna bolti moja imejificha kwa nyuma, mkono unaingia lakini jicho haliingii, unafungua kwa kupapasa. Klipu mbili za kava zimevunjika, maana plastiki iliyopikwa na joto miaka yote hii inakatika kama biskuti. Saa tatu nzima kabla sijaiona plagi ya kwanza.

Basi, nikaweka plagi mpya nne, za iridiamu, shilingi 35,000 kila moja. Kwa kuwa throto ilikuwa mkononi na imejaa masizi meusi, nikaipulizia dawa ya kusafishia kabureta na kuifuta kwa kitambaa hadi iking'aa. Betri nilikuwa nimeichomoa kwa usalama. Nikarudisha kila kitu.

Nimewasha, gari haliwi na misi tena. Lakini sailensa imepanda hadi mizunguko 2,000 na haishuki. Nikiweka D linataka kuruka, lazima nikanyage breki kwa nguvu. Nimetafuta skrubu ya kurekebishia sailensa kama ile ya kabureta, haipo. Hakuna kebo ya mafuta pia, kanyagio linatuma umeme tu.

Nimempigia fundi mmoja wa hapa mjini mwenye mashine. Anataka 120,000, anasema ni kazi ya dakika kumi. Nikamuuliza, hiyo kazi yenyewe ni nini? Akasema ni siri ya kompyuta. Hilo limeniuma kuliko bei. Mimi silalamiki kumlipa mtu kwa jasho lake. Lakini gari ni langu, nimelilipia ushuru, nimelisafisha kwa mikono yangu, halafu naambiwa lina siri nisiyoruhusiwa kuijua?

Kitabu cha gari ninacho, kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho. Hata redio inaongea Kijapani.

Swali langu: hii sailensa naishushaje? Na kifaa gani mtu wa kawaida akinunue ili aendelee kujitengenezea? Nina binti wa miaka kumi na moja, ndiye anayenishikia tochi sasa. Sitaki ajifunze kwamba gari ni kitu cha kufunika boneti na kupiga simu.

Umeme wa Magari (Arusha)

Mkuu, pole. Hukukosea kusafisha, ila hukumalizia. Nitakueleza siri yenyewe, kwa sababu siyo siri.

Throto yako ina kilango kinachosukumwa na mota ndogo. Kadiri masizi yalivyokuwa yanajaa pembeni, kompyuta ilikuwa inajifunza kidogo kidogo kukifungua zaidi ili injini ipate hewa ya kutosha ikiwa sailensa. Imejifunza hivyo kwa miaka. Sasa wewe umeondoa masizi yote siku moja. Kilango kinafunguka kiasi kilekile cha zamani lakini hewa inayopita ni nyingi mno. Mizunguko inapanda. Dawa yake ni kuifundisha kompyuta upya.

Kwa maelezo yako, plagi chini ya manifoldi na cc hizo, nadhani nalijua gari lako, na kwa aina hiyo unaweza kulifundisha kwa kanyagio bila mashine. Lakini masharti ni lazima yatimie, watu wengi wanashindwa hapo. Liendeshe dakika kumi injini ipate moto sawasawa, maji yawe kati ya nyuzi 70 na 95. Zima kiyoyozi, taa, redio, kila kitu. Usukani unyooke. Gia iwe P. Betri iwe nzima. Injini ikiwa inanguruma upate volti 12.9 au zaidi. Feni ya rediator isiwe inazunguka wakati unafanya.

Kwanza, kilango kijue kilipofungwa: zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha na bila kugusa kanyagio, hesabu sekunde mbili au zaidi, rudisha OFF, ngoja sekunde kumi. Utasikia throto ikilia kwa mbali, hiyo ndiyo inajipima.

Kisha sailensa yenyewe. Ufunguo ON, ngoja sekunde tatu. Kanyaga mafuta hadi chini na kuachia, mara tano, zote ndani ya sekunde tano. Ngoja sekunde saba kamili. Kanyaga tena hadi chini na ushikilie, kama sekunde ishirini. Taa ya injini itaanza kumetameta, halafu itaacha na kuwaka moja kwa moja. Ikiwaka tu hivyo, achia kanyagio ndani ya sekunde tatu na uwashe injini. Iache sekunde ishirini, kisha ipige mafuta mara mbili tatu uone inarudi wapi.

Tumia saa ya sekunde. Kuhesabu kwa kichwa hakufai hapa.

Ikigoma mara ya pili, usiendelee kukanyaga. Maana yake kuna hewa inaingia kwa njia nyingine: gasketi ya manifoldi imekaa vibaya au kuna mpira wa hewa umeusahau. Umeng'oa manifoldi, kwa hiyo kagua hapo kabla ya kitu kingine.

Kuhusu yule fundi, sitamsema vibaya simjui. Mashine nzuri ni ghali, na programu zake nyingi unazilipia upya kila mwaka. Mimi natoza pia. Lakini mteja akiniuliza nimefanya nini namwonyesha kwenye skrini, namba ya hitilafu anaandika kwenye daftari lake. Ameilipia ile namba.

Mama wa Kisauni (Mombasa)

Kaka, pole sana. Na huyo binti mshikilie hapohapo kwenye tochi, mimi nilianza hivyo na marehemu baba.

Kwa swali la kifaa nakujibu kama mwenye gari tu, siyo makanika. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya pini 16. Marekani waliilazimisha kwa magari yote mapya ya mwaka 1996, Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, kwa hiyo magari mengi tunayoletewa huku yanayo. Nunua kile kidude kidogo cha ELM327, unakichomeka hapo, kinaongea na simu yako. Kitakusomea namba za hitilafu za injini, joto la maji, mizunguko, na sensa ya oksijeni inavyocheza. Bei yake ni ndogo, haifiki hata gharama ya kupimiwa mara mbili gereji.

Ila ujue mpaka wake. Vile vya bei rahisi mara nyingi vinaishia kwenye injini. Taa ya ABS, ya mifuko ya hewa, gia boksi, huko kila kampuni ina lugha yake na kidude hakifiki. Vingine ni feki, havishiki gari kabisa, kwa hiyo usikubali kununua bila kujaribiwa kwenye gari lako palepale dukani.

Na namba yenyewe si hukumu. Nakuhadithia yaliyonipata. Taa ya injini iliwaka, gereji moja wakasoma P0420 wakaniambia kataliti imekufa, nitafute pesa nyingi. Ile namba inasema tu kwamba kataliti haionekani kusafisha moshi vya kutosha. Haisemi kwa nini. Nikarudi nyumbani, nikaazima kidude cha mpwa wangu, nikatazama zile sensa mbili za oksijeni. Halafu nikalala chini ya gari asubuhi injini ikiwa baridi, nikawasha na kupitisha mkono karibu na bomba bila kuligusa. Palikuwa na ufa kwenye kiungio, moshi ukipumua, hewa ya nje inaingia na kuidanganya sensa. Nilichomelea bomba. Taa ikazimwa, haijarudi hadi leo, mwaka wa pili huu. Kataliti ina platinamu na paladiamu ndani, ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana nilikataa kuwaachia ile yangu pale gereji waliponishauri niiache.

Kwa hiyo usinunue spea kwa kusoma namba. Namba inakwambia uanze kutafuta wapi.

Mzee wa Gerezani (Dar es Salaam)

Nimekuwa kwenye spea na gereji miaka mingi, na nitasema msichopenda. Nawaheshimu nyote, lakini magari haya siyo ya kufundishana kwenye simu.

Wiki mbili zilizopita kaletwa kijana na gari lenye hendibreki ya umeme, ile ya kubonyeza kitufe. Alitaka kubadili breki pedi za nyuma mwenyewe. Hakujua kwamba lazima kwanza ile mota iamriwe kurudi nyuma, kwa mashine au kwa utaratibu wa gari husika. Akachukua klampu akasukuma pistoni kwa nguvu kama kwenye gari la zamani. Gia ndogo za ndani zimesagika. Alitaka kuokoa ufundi wa elfu thelathini, amenunua kalipa nzima, yaani kile kinachobana pedi.

Mwingine aliweka oili ya gia boksi ya kawaida kwenye CVT kwa sababu alidhani zote ni sawa. CVT inashika kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda ushike usiteleze. Ukiweka nyingine umeua gia boksi, na haikwambii siku hiyohiyo.

Na hatari zaidi ni haibridi, magari ya petroli na umeme pamoja. Waya za rangi ya machungwa zina mamia ya volti. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa. Mtu anayejaribu hapo bila mafunzo anaweza asirudi ndani kula chakula chake. Mluguru, wewe una mkono mzuri, naona kwa maelezo yako. Lakini wanakusoma watu mia.

Mluguru wa Kilakala

Mzee, shikamoo. Nimekuelewa na nakushukuru, na waya za machungwa sitazigusa, hilo nakuahidi mbele ya wote.

Lakini niruhusu niseme jambo moja. Yule kijana wa hendibreki hakuharibu kwa sababu alithubutu. Aliharibu kwa sababu hapakuwa na mahali alipoweza kusoma kwamba mota inarudishwa kwanza. Sentensi moja tu, kama hii uliyoiandika wewe. Ingekuwa imebandikwa ubavuni mwa gari kwa Kiswahili, asingenunua kalipa. Kwenye Datsun ya baba, mwanya wa platini ulijulikana na kila fundi kuanzia hapa hadi Kilosa. Leo maarifa yanakaa kwenye mashine ya mtu, na mtu anaweza kukunyima.

Na siyo vitu vikubwa peke yake. Shemeji yangu ana gari ambalo kubadili balbu ya taa ya mbele lazima ufungue bampa. Balbu, wakuu! Usiku barabarani pale Mikumi, wanyama wanavuka, na huwezi kubadili balbu yako.

Dereva wa Tunduma

Hapo umegusa kitu ambacho watu wanakipigania mahali pengine. Mimi nashuka hadi Johannesburg na mizigo. Afrika Kusini, tume yao ya ushindani ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 1, 2021. Unasema mwenye gari anaweza kulipeleka kwa fundi wa nje bila kupoteza dhamana yote ya gari, na kwamba mafundi wa nje wapewe taarifa za ufundi za kutengenezea, kwa malipo ya haki. Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2012, na mwaka 2020 wananchi wakapiga kura tena kuiongezea taarifa ambazo gari linatuma lenyewe hewani. Robo tatu walisema ndiyo.

Sisi magari yetu yanakuja yametumika, dhamana ilishaisha huko yalikotoka, kwa hiyo hoja ya dhamana haitusaidii sana. Kinachotuhusu ni vitabu vya ufundi. Gari linapita bandarini Dar na ushuru mkubwa linalipiwa, lakini halina hata ukurasa mmoja unaosomeka. Mimi ningependa siku moja kuona hilo linaulizwa na wanaoruhusu magari kuingia.

Kwa sasa fanya hivi: tafuta namba ya injini na namba ya chasisi, siyo jina la gari. Injini hiyohiyo mara nyingi iliuzwa Ulaya au Australia kwa jina jingine, na huko vitabu ni vya Kiingereza. Mimi nimepata changu hivyo.

Mluguru wa Kilakala

Wakuu, narudi na majibu. Leo Jumapili baada ya kanisa.

Niliendesha hadi Mzumbe na kurudi ili injini ipate moto, kwa kero kubwa, mguu kwenye breki muda wote. Nikazima vyote. Binti akakaa kiti cha abiria na simu yangu, anasoma sekunde kwa sauti. Jaribio la kwanza taa haikumetameta kabisa. La pili ikametameta, lakini nilipowasha mizunguko ikabaki 1,600. Nikasimama hapo hapo kama alivyosema Umeme wa Magari, sikukanyaga tena.

Nikafungua boneti injini ikiwa inanguruma, nikakaa kimya na kuinamisha kichwa. Ndugu zangu, niliisikia. Filimbi nyembamba, nyuma ya manifoldi upande wa kushoto, kama mtu anavuta hewa kwenye meno. Nikazima, nikaingiza mkono kwa kupapasa pale penye bolti iliyojificha. Kuna mpira mwembamba wa hewa wa urefu wa kiganja, nilikuwa nimeurudisha lakini umepasuka mdomoni, nadhani nilipouchomoa kwa nguvu siku ile. Nimekata sentimita moja ya sehemu iliyopasuka, ulikuwa na urefu wa kutosha, nikaurudisha na kuubana na klipu mpya ya shilingi mia tano.

Jaribio la tatu. Binti anahesabu, tano, sita, saba, kanyaga baba. Taa ikametameta, ikatulia. Nikawasha.

700. Mshale umekaa pale kama umegundishwa.

Nikiweka D gari linatulia, nikiwasha kiyoyozi unapanda kidogo na kurudi. Nimekaa ndani ya gari dakika kadhaa naitazama tu ile mizunguko, sina aibu kusema. Yule binti akaniuliza kwa nini siondoki. Nikamwambia sikiliza kwanza. Nikamzimia feni ili asikie injini peke yake.

Umeme wa Magari, Mungu akubariki. Kidude cha ELM327 nitakifuata Msamvu kesho na nitakijaribu palepale kama Mama wa Kisauni alivyosema. Maelezo ya sekunde nimeyaandika kwa kalamu ya kudumu upande wa ndani wa boneti, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe ya plagi. Atakayelinunua gari hili baada yangu atayakuta.

Sasa Mzee wa Gerezani umenitisha na CVT. Yangu sijawahi kuibadili oili tangu ninunue, na sioni kijiti cha kupimia. Nifungue nati ya chini niangalie rangi?

Mzee wa Gerezani

Marahaba mwanangu, na hongera. Nati usiiguse. Gari lako halina kijiti kwa sababu kiwango chake kinapimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu, gari likiwa tambarare kabisa, na inayozidi inamwagika kupitia tundu lake. Ukifungua tu uone rangi utapoteza kiwango na hutajua umepoteza ngapi.

Niandikie hapa namba za chasisi zile za mwanzo, kabla ya mstari, na maandishi ya kwenye kibati cha gia boksi kama yanasomeka. Nitakutajia aina ya oili kwanza. Kununua baadaye.

Mluguru wa Kilakala

Sawa mzee. Kibati kimejaa matope, naenda kukiosha sasa hivi. Tochi tayari iko nje.